Breki Asimamisha Upasuaji Wake

Wanafunzi wa udereva walimwita Breki, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mtahini wa leseni, mwanamke mwembamba wa makamo, na kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha abiria, mikono magotini, ametulia kama anayesubiri chai. Mwanafunzi angeendesha vizuri robo tatu ya njia, aanze kujisikia, alegeze bega, apige na soga kidogo. Akiingia kona bila kutazama kioo, ile breki ya pili iliyo chini ya mguu wa mtahini inakanyagwa, gari linasimama papo hapo, na mtihani umeishia hapo. Wapo waliomlilia. Wapo waliomtafutia wakubwa wa kumsemesha. Wote aliwajibu kwa sauti ileile ya chini kwamba warudi mwezi ujao. Wengi walirudi, wakafaulu, na siku za mbele walipompita barabarani walimpigia honi ya heshima.

Hata figo zake zilipokufa, kazi hakuiacha. Siku za kusafishwa damu alishinda hospitali, mkono mmoja umefungwa kwenye mashine, mkono wa pili umeshika gazeti. Siku nyingine alikuwa kwenye uwanja wa majaribio, akisimama mbali na watu, penye upepo, akitazama madereva wakirudi nyuma kati ya vigingi. Ndani ya gari hakuingia tena. Daktari alimwambia mwili wake sasa ni wa kutunzwa, na yeye akiambiwa jambo lenye maana huwa halirudiwi mara mbili.

Aliyempa tumaini ni kaka yake. Alikuwa fundi wa vigae, amemtangulia kuzaliwa kwa miaka mingi, kifua kipana kama mlango, mtu wa kubeba mfuko wa saruji kila bega huku anaongea na simu. Vipimo vilipotoka na kuonyesha kwamba figo yake inamfaa mdogo wake, aliitangaza habari ile kila mahali alikokuwa na kazi. Alisema anazo mbili, moja inafanya kazi na nyingine inakaa bure kama mjomba wa harusini, basi iende ikajitafutie riziki. Alimwambia dada yake ajiandae, figo ya fundi ikishaingia atashangaa anatamani kuchanganya saruji. Breki alicheka mpaka akajifuta machozi. Kwao kucheka ndiyo ilikuwa namna ya kushukuriana. Wasingeweza kukaa uso kwa uso na kuambiana maneno mazito.

Tarehe ikapangwa. Walazwe Jumatatu wote wawili, wapasuliwe Jumanne. Breki akamkabidhi mwenzake kazi, akafua mashuka, akapanga begi. Mama yao, aliyekuwa akiishi na Breki, ndiye angemuuguza akirudi, na alishaanza kuwaambia majirani wasije kugonga mlango ovyo.

Jumamosi jioni kaka yake alipita kuwasalimu. Alikaa kwenye kochi la karibu na mlango, akaanza hadithi ya mteja aliyetaka vigae vya jikoni vibandikwe chumbani kwa sababu tu amevipenda. Alikuwa anacheka mwenyewe kabla hajafika mwisho. Katikati ya kile kicheko pumzi ikamkwama, akageuza uso na kukohoa. Kikohozi kilitoka chini kabisa, kizito, chenye makohozi, naye akakimeza haraka na kuendelea na hadithi kana kwamba hakijatokea.

Breki akamuuliza kifua kina nini.

"Vumbi la vigae, mdogo wangu. Unalijua."

Alilijua. Kikohozi chake alikuwa amekisikia miaka yote, nacho ni kikavu, cha kukereketa kooni, kinaisha kwa glasi ya maji. Hiki hakikuwa kile. Lakini hakusema kitu mbele ya mama. Alimsindikiza kaka yake kwa macho hadi getini, akaenda chumbani, akafunga mlango, akampigia simu wifi yake.

Wifi yake alikuwa mwanamke wa duka la vitambaa, mkweli hata pale ambapo uongo kidogo ungemwongezea mauzo. Alipoulizwa tu alivuta pumzi. Akasema yeye ndiye aliyeanza kuugua, mafua ya homa na mwili kuuma, yakamhamia mumewe Jumapili. Mume akalala siku mbili hajielewi. Jumatano akaamka, akaoga, akasema amepona, akaenda kazini.

"Nilimwambia akwambie, wifi. Akasema kitu kimeshapita, kina haja gani. Na akasema akikwambia utaahirisha, anakujua."

"Ananijua kweli," Breki akasema.

Alibaki amekaa kitandani, begi lake miguuni. Alitaka figo ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alitaka kuamka siku moja bila kufikiria mashine. Na hakuna mtu ambaye angemlaumu kwa kunyamaza: kaka yake amepona, homa haipo, anakula, anabeba saruji. Kikohozi kidogo tu. Alijipa nafasi ya kuyafikiria hayo yote mpaka mwisho, na alipofika mwisho akaona jambo liko palepale. Yeye hakujua kama kaka yake bado anaweza kuambukiza, na kaka yake hakujua, na waliokuwa na haki ya kujua kabla ya kisu kushikwa walikuwa wamefichwa.

Alipotoka sebuleni kumweleza mama, mama alielewa upesi sana, akaanza kumsihi. Alisema mtoto yule amepona, yeye mwenyewe amemwona kwa macho yake. Alisema wanaongojea chumba kile cha upasuaji ni wengi, na nani anajua nafasi nyingine itakuja lini. Alisema na mengine ambayo mama husema, kwamba amechoka kumwona mwanawe anarudi kutoka mashineni ana rangi ya majivu. Breki alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mama, nikinyamaza na jambo likaharibika, utanitazamaje? Na kaka nitamtazamaje? Acha niulize. Kuuliza hakutuui."

Akampigia muuguzi mratibu, yule dada wa hospitali aliyekuwa akisimamia safari yao yote ya upandikizaji. Muuguzi hakushangaa wala hakugomba. Alimshukuru, akauliza maswali machache, akasema Jumatatu waje kama ilivyopangwa, ila si kulazwa. Waje kupimwa na kumwona daktari, na kaka avae barakoa tangu nyumbani.

Jumatatu kaka yake alifika hospitali amevaa barakoa kidevuni. Muuguzi akampandishia puani. Alichokonolewa pua kwa kijiti kirefu, akapiga chafya, akapelekwa kwenye kiti cha mbali karibu na dirisha lililo wazi. Breki alikaa upande wa pili wa ukumbi. Walitazamana kama wachezaji wa timu mbili, na mara hii kaka yake hakuwa na mzaha wowote mdomoni.

Majibu yalitoka kabla ya adhuhuri. Virusi bado vilikuwepo. Daktari wa figo, mzee mfupi aliyependa kuegemea meza badala ya kukaa, aliwaita wote wawili na kuwaambia upasuaji wa kesho haupo.

Kaka yake akasimama. Akasema yeye ni mzima, aulizwe yeyote. Jana tu amepandisha maboksi ya vigae ghorofa ya tatu.

"Nakuamini," daktari akasema. "Wewe umepona. Lakini kupona ni habari zako wewe, na virusi vina habari zao. Homa inashuka, hamu ya kula inarudi, mtu anarudi kazini, navyo bado vimo puani na kooni vinapungua taratibu. Ukikohoa au ukicheka kwa nguvu unavitoa nje."

"Mpaka lini?"

"Kwa watu wengi wenye afya ni kama wiki moja tangu kuugua. Wengine huzidisha siku kadhaa. Wazee na wenye kinga dhaifu huchukua muda zaidi. Hata kipimo hiki si hakimu wa mwisho, maana kinaweza kuendelea kuona mabaki yaliyokwisha kufa."

"Kwa hiyo hujui."

"Siku kamili sijui, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba leo bado."

Kisha akawaeleza kilichokuwa kikimtia wasiwasi. Dada, baada ya kupata figo, atapewa dawa za kuishusha kinga ya mwili makusudi ili mwili usiikatae figo ngeni. Mafua ambayo kwa fundi yalikuwa homa ya siku mbili, kwa dada yangeweza kushuka mapafuni na kuwa jambo jingine kabisa. Na fundi mwenyewe, kifua chake kikiwa bado kinapona, hakuwa mtu wa kulazwa usingizi wa upasuaji. Wangesubiri wiki chache, wapime upya, wapange tarehe nyingine. Nafasi yao haikupotea, alisema, imesogezwa.

Breki aliuliza maswali yake mawili, akaridhika. Kaka yake hakuuliza tena. Alitoka, akapita mlango mkubwa bila kugeuka, na jioni simu yake ikawa inaita tu bila kupokewa.

Siku ya Jumanne, ile ambayo walikuwa wawe mezani kwa daktari, Breki alimfuata kazini. Ilikuwa nyumba mpya isiyo na milango bado, upepo unapita toka dirisha hadi dirisha. Aliingia amevaa barakoa, akamkuta kaka yake amepiga magoti kwenye baraza, anapanga vigae vyeupe, anagonga kimoja kimoja kwa nyundo ya mpira. Alisimama chini ya ngazi za baraza, mbali naye kiasi cha urefu wa gari.

"Kaka."

Akagonga kigae kingine. "Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kukuona. Hupokei simu."

Alipanga vigae vingine viwili kabla hajasema. Aliyasema akitazama sakafu. Alisema ameonekana mchafu mbele ya watu, amekalishwa kando dirishani kama mgonjwa wa tauni, yeye anayetoa kiungo chake. Alisema mdogo wake angeweza kumpigia yeye kwanza. Breki akakubali hilo. Akasema kweli, angempigia yeye kwanza, na kwa hilo anamwomba radhi, lakini hospitali angeipigia tu.

"Figo yako naitaka, kaka. Sijaikataa. Nataka tu ije peke yake."

Hapo fundi akacheka kidogo bila kutaka. Kisha akaweka nyundo chini, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na uso wake ukabadilika. Breki alikuwa amemjua mtu huyu maisha yake yote na uso ule hakuwahi kuuona.

"Unajua kwa nini sikukwambia?" alisema. "Si kwa sababu ya kikohozi. Mimi naogopa kisu. Tangu utotoni naogopa hata sindano, ni ninyi tu hamkujua, nilikuwa natangulia mbele ili msinione. Nimejipa moyo wa kufika Jumanne. Nimejihesabia, nimejipigia soga, nimewatangazia watu ili nisiweze kurudi nyuma. Sasa Jumanne ndiyo hii, inapita bure. Sijui kama huo moyo utabaki."

Breki alikuwa anawaza vichekesho vyote vile, mjomba wa harusini, saruji, na jinsi alivyovisikia kama mtu asiye na wasiwasi. Akatamani kupanda ngazi zile amshike mkono. Hakupanda.

"Utabaki," alisema. "Ukipungua nitakuazima wangu, mimi ninao wa ziada. Na ukiisha kabisa, utaniambia, na mimi nitaendelea na mashine, na wewe utabaki kaka yangu vilevile. Lakini usinifiche tena. Mimi ukinifichia ndipo ninapoogopa."

Kaka yake akajifuta uso kwa mkono wenye saruji, akajipaka weupe shavuni. Alikuwa anataka kusema kitu, na simu ya Breki ikaita. Alikuwa mama. Alisema si jambo kubwa, ila anasikia baridi, na mifupa yote inamuuma, na Breki akirudi apitie dawa ya kichwa.

Wale wawili wakatazamana, na wote walifikiri jambo moja. Alhamisi iliyopita, Breki akiwa mashineni, fundi alikuwa amekwenda nyumbani kwao kubandika upya vigae vya bafuni vilivyolegea, ili dada yake akirudi kutoka hospitali asiteleze. Lilikuwa wazo lake mwenyewe, zawadi. Bafu lile ni dogo, lina kidirisha cha ukubwa wa kitabu. Mama alikaa mlangoni akimpa vigae kimoja kimoja, nao wakapiga gumzo na kucheka asubuhi nzima. Fundi alikuwa amepona tangu Jumatano.

Hakuna aliyehitaji kumweleza fundi tena. Alisimama akaanza kufungasha vifaa vyake.

Walipanga kila kitu palepale barazani, na Breki baadaye alisema hakuwahi kuona mtu akigeuka haraka namna ile. Fundi alisema mama asibaki nyumba moja na Breki hata saa moja. Atamchukua yeye. Nyumbani kwake mafua hayo yameshapita kwa wote wawili, yeye na mkewe, si rahisi yawarudie upesi hivyo, basi nani wa kumuuguza mama kuliko wao? Walimpigia muuguzi mratibu, akasema wamewaza vizuri. Breki asiingie ndani mpaka mama atoke, afungue madirisha yote, apimwe kesho na tena baada ya siku chache, na akisikia hata pua kuwasha apige simu.

Basi Breki alisimama upande wa pili wa barabara, barakoa usoni, akamwona kaka yake akitoka na mama amemfunika blanketi, amemshika kiuno, wifi yake nyuma na mto na chupa ya chai. Mama alimpungia mkono kwa mbali akamkumbusha kwamba kuna supu jikoni.

Mama aliugua vibaya. Si mafua ya kukaa kitandani ukanywa tangawizi. Siku ya tatu pumzi ilikuwa fupi, fundi akampeleka hospitali, akawekewa oksijeni puani, akalazwa. Fundi aliacha kazi ya baraza lile, akakaa naye. Alimlisha, akamgeuza, akamkunjia mito. Breki alikuwa hospitali ileile siku za mashine, ghorofa ya chini, na hakuruhusiwa kupanda. Walikuwa wanaongea kwa simu, mmoja juu mmoja chini. Siku moja kaka yake alimwambia kwa sauti ndogo kwamba kila mama akivuta pumzi yeye anajisikia kama ndiye aliyemkalia kifuani.

Breki akamwambia ukweli kama alivyouona. Virusi alivipeleka yeye, hilo halifutiki, lakini alivipeleka pamoja na vigae, na hakujua. Sasa anajua. Mtu aliyejua na akakaa pale kumlisha mama hana deni la kujitesa. Tena akamkumbusha jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti: kama upasuaji ungefanyika Jumanne ile, mama ndiye angekuwa kando ya kitanda cha Breki akimlisha uji, na homa ikiwa inaanza, na Breki hana kinga.

Vipimo vya Breki vilitoka safi, cha kwanza na cha pili. Na mama, ambaye mwili wake ulikuwa mkongwe lakini haukuwa mvivu, alianza kupata nafuu. Oksijeni ikatolewa. Akaanza kulalamikia chakula, na fundi akamwambia dada yake kwamba sasa wamepona wote.

Siku aliyoruhusiwa kutoka, mama alitangaza kwamba anarudi kwake. Alikuwa amekaa kitandani kwa fundi na kanga yake ya kutokea, mkoba mapajani. Homa hana, kifua kimetulia, amekula sahani mbili, na binti yake yuko peke yake. Fundi alisimama mlangoni, na mlango ukajaa.

"Bado, mama."

"Bado nini? Mimi nimepona."

"Umepona. Kupona ni habari zako wewe." Kisha akamweleza, neno kwa neno, alivyoelezwa, kwamba wazee wanakaa navyo muda mrefu zaidi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepona siku ile bafuni. Mama akauweka mkoba chini. Wifi, aliyekuwa nyuma ya mumewe, alimsimulia Breki kwa simu huku amejiziba mdomo asisikike akicheka. Mama akakaa kwa mwanawe wiki kadhaa nyingine, akampangia upya makabati ya jikoni, na wifi akavumilia.

Tarehe mpya ikaja. Fundi alipimwa, akawa safi, kifua chake kikasikilizwa mbele na nyuma. Breki alipimwa. Mama naye akapimwa, kwa kudai mwenyewe. Asubuhi ya upasuaji walilazwa vitanda vya magurudumu, wakasukumwa kwenye ukumbi mmoja, na kwa muda mfupi vitanda vikawa sambamba. Fundi alikuwa amefumba macho, midomo imekauka. Hakufanya mzaha. Breki alinyoosha mkono, akaukuta wa kaka yake, wenye ngozi ngumu kama kuni. Wakashikana mpaka magurudumu yalipowatenganisha.

"Upo?" Breki aliuliza.

"Ninaogopa," kaka yake akasema. "Lakini nipo."

Aliyetoka wa kwanza ni fundi, mshono ubavuni, akiwa na usingizi na matusi kidogo ambayo wauguzi walisema ni ya dawa. Breki alitoka baadaye sana. Aliwekwa chumba cha peke yake chenye mlango wa kioo, na kila aliyeingia alinawa, akavaa barakoa na gauni. Mama aliruhusiwa kufika kwenye kioo. Alisimama pale na barakoa yake, akitazama ndani kama mtu anayetazama sufuria.

Mwenye figo zilizokufa haendi haja ndogo, na Breki alikuwa hajaenda kwa muda mrefu kiasi kwamba alishaacha kulifikiria jambo hilo. Sasa kulikuwa na mpira mwembamba unaotoka kwake hadi kwenye mfuko uliotundikwa kando ya kitanda. Muuguzi mratibu aliinama akautazama, akainama tena, kisha akauinua kidogo kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mlikuwa na maji ya manjano hafifu, yanaongezeka.

"Dada," alisema, "figo ya fundi imeanza kazi."

Breki aliutazama mfuko ule kwa muda. Halafu akamwonyesha mama kwa kidole, kupitia kioo. Mama hakuelewa kwanza. Alipoelewa aliweka mikono kichwani, akageuka, akaondoka kwa mwendo ambao hakuna aliyejua bado anao. Alimwambia mlinzi wa mlango. Alimwambia mfagiaji. Aliwaambia watu waliokaa kwenye foleni ya dawa, ambao hakumjua hata mmoja, kwamba mwanawe amekojoa, nao wakampongeza kwa moyo wote, kwani hospitali watu wanaelewa. Alipofika wodi ya wanaume na kumpa fundi habari, fundi alianza kucheka, akashika ubavu, akamsihi mama asimchekeshe, kwa sababu mshono unauma, na akaendelea kucheka.

Chumbani, muuguzi alimletea Breki glasi ya maji. Mgonjwa wa mashine hupimiwa maji kama dawa, na yeye kwa mazoea alichukua funda moja akarudisha glasi.

"Kunywa yote," muuguzi akasema. "Sasa ndivyo inavyotakiwa. Figo mpya inataka maji."

Akanywa taratibu mpaka glasi ikawa tupu, akaomba nyingine.